Pampu ya sodiamu na potasiamu (protini kwenye utando wa seli) inaikamataje sodiamu?

Swali: Ndani ya seli potasiamu imejaa kuliko sodiamu. Sasa pampu inaichaguaje sodiamu?

Jibu: Ni umbo. Pampu ina maumbo mawili, E1 na E2. Ikiwa E1, imefunguka kwa ndani na nafasi zake 3 zinaibana vizuri sodiamu, ayoni (chembe yenye chaji) ndogo kuliko potasiamu. Zikijaa, ATP (molekuli ya nishati ya seli) huipa pampu fosfati, mlango wa ndani hufungwa, inageuka E2 na kuitema sodiamu nje. Potasiamu 2 za nje hushika, fosfati hutoka, ndipo pampu inarudi E1 na kuziachia ndani.

Jibu: Usisahau digoksini, dawa ya moyo: huing'ang'ania E2 yenye fosfati, kwa nje, na kuizuia pampu. Sodiamu hurundikana ndani ya seli, hivyo kalsiamu nayo hupanda humo, moyo hukaza zaidi. Potasiamu ya damu ikishuka, mshindani wa digoksini hupungua na sumu ya dawa huzidi. Pima potasiamu kwanza, jamani!

Muulizaji: Kumbe! Shukrani, wakuu.