Kaziwa kadogo karibu na Bemidji, Mille Lacs au Red Lake? Nataka kwenda na mama na watoto mwezi wa sita

BabaNuru_BrooklynPark
Habari zenu wadau wa Minnesota, naomba ushauri kabla sijalipia nyumba. Shule zikifunga nataka niwapeleke watoto (miaka 8 na 12) pamoja na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Ukerewe, wakavue huko juu kaskazini siku nne. Mama amekulia ziwani, tangu afike ananiuliza mbona mnakaa kwenye jimbo lenye maziwa elfu kumi halafu samaki mnanunua dukani kwenye karatasi, sina jibu.

Nimebaki na sehemu tatu. Mille Lacs, kwa sababu ni karibu, saa mbili hazifiki. Upper Red Lake pale Waskish, mbali lakini kila mtu anasema wolai (walleye, samaki wa huku anayependwa sana kwa kula) ni wengi. Ya tatu ni kaziwa ka ekari 160 hivi karibu na Bemidji, nyumba iko ufukweni, ina gati lake na boti ya makasia. Jina sitaji hapa maana mwenye nyumba ameniomba.

Hilo dogo nimelitafuta kwenye saiti ya DNR, idara ya maliasili ya jimbo, nikakuta ripoti ya nyavu zao. Paiki (pike, samaki mrefu anayekula samaki wenzake) wengi kuliko kawaida ya maziwa ya aina hiyo ila karibu wote wafupi, wolai wachache, blugili (bluegill, samaki mdogo bapa) wamejaa kwenye mitego lakini waliozidi inchi 8 ni wa kuhesabu. Mimi nikaona paiki wengi nikafurahi. Je nimeelewa vizuri au vipi?

Mvuvi_StCloud
Kaka nenda Red Lake usijiumize kichwa. Lile ziwa lilikuwa limekufa, wolai walivuliwa mpaka wakaisha miaka ya 90, uvuvi wa wolai ukafungwa 1999, jimbo na kabila la Wahindi Wekundu wa Red Lake wakakaa pamoja wakamwaga vifaranga kwa mamilioni, wakafungua tena 2006 na mpaka leo linalipa. Nimeenda mara nyingi, kurudi mikono mitupu ni nadra. Mille Lacs pia ni tamu lakini sheria ya wolai inabadilika karibu kila mwaka, 2016 ilikuwa ukimshika unamwachia kiangazi chote, kwa hiyo soma kwanza tangazo la mwaka huu. Kaziwa ka ekari 160 utavua vijiti tu, yaani paiki wadogo wembamba.

Jalupo218
BabaNuru karibu sana na shikamoo kwa mama. Mimi naishi huku karibu na Bemidji mwaka wa tisa sasa na hivi viziwa vidogo ndivyo navua, so nitaandika mrefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza hiyo ripoti. Wanaweka nyavu za makila usiku mmoja, asubuhi wanahesabu wamenasa wangapi kwa kila wavu, na ile mitego ya karibu na ufuko ndiyo inawapata blugili na krapi (crappie, jamaa wa blugili). Kwa hivyo hiyo namba si idadi ya samaki wote ziwani, ni ya kulinganisha ziwa na ziwa. Usikimbilie namba, shuka chini kwenye jedwali la urefu, ndiyo stori yenyewe iko hapo.

Paiki wengi wafupi si habari njema hata kidogo. Inamaanisha watu wametoa wale wakubwa miaka mingi, na mkubwa ndiye alikuwa anakula hawa wadogo. Sasa wadogo wamejaa, wanagombania chakula, hawakui, na wanamaliza pachi (perch, samaki mdogo) wachanga, na pachi ndio chakula cha wolai. Ndiyo maana 2018 walibadilisha sheria ya paiki ukanda huu wetu: unaruhusiwa kubeba 10 kwa siku, lakini wa inchi 22 mpaka 26 wote unarudisha majini, na juu ya 26 usizidishe wawili. Watu walishangaa kuambiwa beba mdogo acha wa kati, kwa sababu nyumbani tumezoea kinyume, sangara wa chini ya sentimita 50 ndiye haramu. Lakini kwa ziwa kama hilo lako iko sawa kabisa, kula hao wadogo mshibe, mnalisaidia.

Wolai kwenye kaziwa kama hako mara nyingi hawazaani vya kutosha, wanataka changarawe inayopigwa na mawimbi, kwa hiyo wengi unaowaona waliletwa na gari la DNR. Angalia chini ya ripoti kuna historia ya kuweka vifaranga, utaona mwaka gani waliwekwa na mwaka gani hapana. Halafu wolai anakula jua likizama na usiku, jicho lake linaona gizani, wakati huo mtoto wa miaka 8 amelala.

Sasa kitu ambacho kinaniuma, blugili. Mwezi wa sita maji yakipata joto utawaona kwenye mchanga, futi mbili tatu tu. Wanachimba visahani vya duara kwa mkia, vimepangana kama sahani kwenye harusi, na juu ya kila kimoja amesimama dume mmoja, kifua cha rangi ya shaba, kichwa cheusi, hatoki. Analinda mayai, ukishusha mnyoo anauma hapo hapo, si kwa njaa, anafukuza. Mtu anakaa hapo nusu saa anajaza ndoo ya madume makubwa na anaona amepata bahati. Huku kwetu baridi inamchukua blugili miaka sita saba au zaidi kufika inchi 8. Ukiwatoa hao wakubwa, madume wadogo hawana tena wa kuwazuia, wanaanza kuzaa wakiwa na urefu wa kidole, nguvu zote zinaenda kwenye kuzaa badala ya kukua, na ziwa zima linabaki na blugili wa kiganja cha mtoto. Nimeliona likitokea kwenye ziwa nililokuwa nalipenda, kwa misimu minne tu. Sheria ya jimbo inakuruhusu 20 kwa siku, maziwa mengine wameshusha mpaka 5, lakini familia tatu nne kwenye ekari 160 kila wikendi, piga hesabu mwenyewe. Red Lake inavumilia, kaziwa hakavumilii.

MamaTabitha_Rochester
Jalupo asante, hiyo ya blugili nilikuwa siijui kabisa na nimewahi kujaza hiyo ndoo, Mungu anisamehe.

Mimi naongea ya jikoni. Paiki mdogo mnamdharau bure. Shida yake ni ile miiba yenye umbo la Y juu ya ubavu, ukijua kumkata mara tano unapata minofu safi, usipojua chanja mnofu karibu karibu kwa kisu kikali kisha tia ndimu na chumvi, kaanga mafuta mengi, miiba midogo inalainika. Mchuzi wa nazi pia anakubali. Utelezi wake usikutishe, msugue kwa chumvi na siki kabla hujamgusa na kisu. Ila watoto wadogo na wajawazito wasile paiki mkubwa wala wolai mkubwa, wana zebaki, inajikusanya mwilini kadiri anavyoishi. Blugili, krapi na pachi ndio wa kula mara kwa mara.

Mvuvi_StCloud
Jalupo nakuheshimu ila huyu ndugu ana siku nne tu, na mama katoka Ukerewe, ampeleke akaone samaki wa maana. Makasia na blugili wa kiganja kweli?

Moorhead_Mkongo
Mimi nachangia moja tu, angalia kina. Kuna ziwa tulienda kila mwaka, halikufikia futi 12, ikaja baridi ya theluji nyingi, barafu ikafunikwa, mwanga haukuingia, majani ya chini yakaacha kutoa hewa. Aprili barafu ilipoyeyuka tulikuta samaki wamelala ufukweni wote weupe, harufu mpaka barabarani. Mwaka uliofuata kulikuwa na kambare wadogo weusi tu, hao wanavumilia.

Jalupo218
Mvuvi, Red Lake sikatai, ningekuwa na boti ya injini na watu wazima watupu ningeenda kesho. Lakini Red Lake na Mille Lacs yote ni mapana na hayana kina kikubwa, upepo ukiamka nusu saa tu mawimbi yanakuwa ya kutisha, na wewe una bibi na watoto. Mtoto anataka boya lizame. Kwa blugili na pachi litazama kila dakika tano.

BabaNuru_BrooklynPark
Wadau nimewasomea mama yote haya jikoni leo, nikitafsiri nusu Kiswahili nusu Kikerewe. Nilipofika pale pa paiki kujaa akacheka akasema hiyo ni habari ya sangara, akanihadithia furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walivyokuwa wakijaa ndoo alipokuwa binti na jinsi walivyopotea sangara alipowazidi. Kwa blugili alinyamaza kidogo akauliza, kwa hiyo dume ndiye analea? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi huyo tusimguse.

Kina nimeangalia, futi 41 sehemu ya chini kabisa. Nimelipia kaziwa. Laiseni ya kuvua nakata yangu na ya mama ya mgeni, watoto chini ya miaka 16 hawahitaji.

BabaNuru_BrooklynPark
Tumerudi jana usiku. Paiki tumekula 9 kwa siku nne, wote chini ya inchi 22, nilikuwa nawapima kwenye ubao wa gati. Mmoja alikuwa 24, mnene, mwanangu mkubwa alilia kumrudisha lakini alimrudisha mwenyewe. Wolai hakuna hata mmoja. Pachi tuliwakaanga kwa ile njia ya ndimu.

Visahani tuliviona siku ya pili asubuhi, kushoto kwa gati, nilihesabu 31 nikaacha. Mama alivua kanga ya begani akaitandika kwenye mbao, akalala kifudifudi, uso karibu na maji, akawaangalia zaidi ya saa nzima. Kuna dume mmoja pachi walikuwa wanamvizia mayai, anafukuza huyu anarudi, anafukuza yule anarudi, mkia hautulii. Mwanangu mdogo wa miaka 8 akashusha mnyoo kwa bahati mbaya upande ule, akamnasa. Kifua cha shaba kweli kama Jalupo alivyosema, kazidi urefu wa kiganja changu. Mama akamtoa ndoano kwa vidole viwili bila kumkausha magamba, akamshusha polepole, na yule samaki akaenda moja kwa moja kwenye kisahani chake, pachi wawili walikuwa wameshaingia.