Fremu ya makombe inanuka na gundi imeachia

BintiJambiani: Assalamu alaikum. Napamba fremu za vioo kwa makombe ya baharini. Siokoti yenye uhai. Nachukua yanayotupwa na mama zetu wakishachemsha kombe na chaza. Fremu ya juzi imeanza kunuka na gundi imeachia. Nakosea wapi?

MamaFumba: Waalaikumu salaam mwanangu. Kinachonuka ni nyama iliyobaki. Loweka kwa maji matamu siku kadhaa, ukibadilisha maji, sugua kwa mswaki wa zamani, anika mpaka yakauke kabisa. Siki usitie: kombe ni chokaa, italiwa. Mgongo upige msasa gundi ishike, tena ukiwa majimaji, na uvae barakoa. Vumbi lile linaumiza mapafu.

BintiJambiani: Na kauri, yale makombe ya konokono wa baharini, zinazong'aa? Wateja wanaziulizia kila siku.

MamaFumba: Kauri inayong'aa vile mara nyingi imetolewa hai. Mimi siuzi, hata bei iwe nzuri. Simbi la konokono likiwa tupu pwani nalo naliacha, maana kuna kaa wanaohamia humo, na wakikosa simbi hawana pa kujificha.

BintiJambiani: Ahsante mama. Nimeshaloweka ndoo mbili.