Naombeni ushauri: usaili wa fildi Jumatatu hapa Tanga, nifanyeje nisiachwe?

Kijana wa Duga: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uhandisi wa mitambo Dar, mwaka wa tatu, kwetu ni Tanga. Nimeitwa usaili wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kwa mkandarasi mmoja wa bomba la mafuta huku Chongoleani. Tumeitwa ishirini, nafasi mbili. GPA yangu 3.4. Wenzangu wana vyeti vya AutoCAD, ile programu ya kuchora michoro ya kihandisi, wengine wana watu ndani. Silali. Naombeni mawazo.

Mama Mabawa: Mwanangu, nyoosha shati, wahi, salimia kuanzia mlinzi. Wa kwangu alimaliza uhasibu akakaa nyumbani miaka miwili, tukamwandikisha TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, akapelekwa kupata uzoefu kazini. Adabu ndiyo iliyombakisha pale.

Msema Kweli Ngamiani: Bila konekisheni unasindikiza wenzio. Mimi nilizunguka na bahasha toka barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Sasa nauza machungwa ya Muheza.

Fundi Pampu: Isome kazi yenyewe, kijana. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, mpaka hapo Chongoleani, kilomita 1,443, na mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana lazima yapashwe joto njia nzima. Watakuuliza pampu na vali. Fildi ya mwaka jana ulishika nini?

Kijana wa Duga: Nilikuwa karakana ya pampu, wiki nane. Ila shida yangu ni siku hizi mbili tatu: nijifunze AutoCAD au Kiingereza cha usaili?

Fundi Pampu: Hujanijibu. Ulishika nini?

Kijana wa Duga: Sawa. Sikwenda. Mjomba alinigongea muhuri. Hela ya fildi kutoka Bodi ya Mikopo niliiweka kianzio cha bodaboda ya mkataba, mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tano. CV inasema nimefungua pampu, na nimeshaituma. Msinihukumu, darasani kwetu wengi wamefanya hivyo. Jumatatu nitasema hivyohivyo, video nimeangalia za kutosha.

Mzee wa Nguvumali: Hii chai. Akaunti imefunguliwa leo, mara bomba, mara mjomba, mara bodaboda. Na msimamizi wa chuo anayepita kukagua wanafunzi alikuwa wapi?

Mama Mabawa: Ina maana dua yangu nimempa mtunga hadithi?

Kijana wa Duga: Si chai, mama. Msimamizi hakufika, alipiga simu, mjomba akamwambia nimetumwa spea. Logbuku, daftari la kazi za kila siku za fildi, ninayo hapa mezani. Wiki nane zote kalamu moja ya bluu, niliijaza kwa usiku mbili. Haina hata alama ya kidole.

Fundi Pampu: Hapo nimekuamini. Nimewahi kukaa meza ya usaili, na usafi huo ndio unaowaponza. Logbuku ya aliyeshika kazi ina grisi pembeni, ina siku imeandikwa "umeme umekatika, tulifagia". Mimi huuliza: sili, ile ya kuzuia pampu isivuje, uliyoitoa ilikuwa imelika upande gani? Hilo video haikwambii. Toa huo mstari wa pampu kwenye CV, uwaandikie leo. Weka bodaboda: mnyororo, breki, hesabu ya mafuta kwa siku. Hayo utayajibu.

Kijana wa Duga: Wataniona tapeli. Nikiutoa nabaki na nini? Wenzangu wote wana fildi.

Msema Kweli Ngamiani: Si umesema mwenyewe wengi ni kama wewe?

Fundi Pampu: Kesho Jumamosi nafungua pampu mbili za kisima. Njoo saa moja na ovaroli kuukuu. Usiziweke kwenye CV kama fildi, uje ushike tu. Nakutumia maelekezo inboksi.

Kijana wa Duga: Nakuja, mzee wangu. Hiyo barua pepe niandike "nimerekebisha" au "nilidanganya"?

Mama Mabawa: "Nilidanganya", mwanangu. Kisha lete shati hilo nikunyooshee.