Ushauri: mchezo wa fraksheni umeleta fitina darasani

MwalimuChaki: Jamani walimu wenzangu nisaidieni. Nafunza gredi ya tano hapa Mombasa, watoto 40. Jumatano tulikuwa tunarudia fraksheni nikawatia makundi manne, kumi kumi, naandika fraksheni mbili ubaoni, kila kundi linatoa mtu mbio na chaki azungushie ile kubwa, akipata wana pointi. Sasa tangu siku hiyo kundi la Papa hawasemezani na kundi la Pweza, hata kifutio hawaazimani. Nifanyeje?

BintiKisauni: Makundi changanya kila wiki. Na wape karatasi wakunje kwanza, nusu, robo, thumni, waone kwa macho ndio uwashindanishe.

MzeeWaFeri: Thumni umenikumbusha mbali! Sisi thumni ilikuwa ile sarafu ya senti 50, mwalimu akiniuliza thumni ni ngapi nasema nusu, nachapwa, kumbe kwake yeye ni moja ya nane. Dukani nilikuwa sawa wallahi.

Nahodha_K: Chaki, watoto hawanuniani bure. Ulifanya nini?

MwalimuChaki: Haya. Swali la mwisho lilikuwa 3/8 na 2/5. Mtoto wa Pweza akazungushia 2/5, mimi kwa haraka nikasema kosa, pointi ya ushindi ikaenda Papa. Baadaye akanijia mezani na daftari, kaandika 15/40 na 16/40, hasemi kitu, ananitazama tu. Yuko sawa. Lakini zawadi ilikuwa mahamri na yashaliwa, ntayatoa wapi tena? Nimeshapanga, Ijumaa tunacheza upya, Pweza nawapa maswali mepesi washinde, yaishe.

UmmuSwafiya: Mwalimu muogope Mungu. Umemkosea mbele ya watoto 40, kamrekebishie mbele ya hao hao 40.

MwalimuChaki: Dadangu wewe huwajui hawa. Nikisema nimekosea, kila hesabu ntakayoandika mpaka wafunge shule wataniuliza "tichaa, una hakika?"

UmmuSwafiya: Si ndiyo vizuri? Waulize.

Nahodha_K: Mimi naona hii ni chai. Mahamri yalikuwa mangapi?

MwalimuChaki: Saba. Ndiyo mama wa getini alikuwa amebakiwa nayo.

Nahodha_K: Saba kwa watoto kumi? Kila mmoja 7/10 ya hamri, ulikata kwa rula? Umetunga wewe, na ulivyotunga hesabu imekukataa.

BintiKisauni: 😂😂 hapo sasa

MwalimuChaki: Sijatunga! Niliyapasua nusu nusu, matano yakawatosha wote.

Nahodha_K: Matano. Na mawili?

Nahodha_K: Chaki?

MwalimuChaki: Nilikula mimi, astaghfirullah.

BintiKisauni: Ya Rabi. Kumbe hata Papa unawadai... yaani wanakudai. Ijumaa nunua mahamri 20, mwite yule mtoto aandike 16/40 yake ubaoni, halafu kila mtu apate nusu.

MwalimuChaki: 20 ni pesa hizo, mwisho wa mwezi huu.

MzeeWaFeri: Kwani na mbaazi zilikuwepo?