Namfungia Wi-Fi, bado yuko mtandaoni

Mama_Umoja: Jamani, nisaidieni. Kijana wangu wa kidato cha pili yuko nyumbani likizo. Saa tatu usiku naizuia simu yake kwenye ruta, naona kabisa imekatwa. Saa saba naamka kwenda msalani, nakuta mwanga chini ya blanketi. Eti anasoma Biblia. Biblia gani inachekesha hivyo?

Fundi_Luthuli: Mama, ulichozuia ni anwani ya MAC tu, yaani namba ambayo ruta inaitambua simu kwayo. Tangu Android 10 ya 2019, simu huipa Wi-Fi anwani ya kubuni. Ukiizuia hiyo, anaingia kwenye mipangilio, anachagua anwani halisi ya simu, na ruta inamwona mgeni. Geuza mambo: orodhesha simu zinazoruhusiwa, nyingine zote zikae nje. Na ubadilishe nywila ya ruta yenyewe. Ile ya kiwandani imebandikwa chini yake, hata paka anaweza kuisoma.

Zamani_Bweni: Nimecheka kwa sababu huyo kijana nilikuwa mimi. Shuleni tulichimba mkate katikati, kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ikaingia, tukarudishia ganda. Tulidumu muhula mzima hadi mkate ulipolia mbele ya mwalimu wa zamu. Mama, hebu angalia nyuma ya kava ya simu.

Mama_Umoja: Fundi, asante, orodha imekubali. Leo kaosha vyombo bila kutumwa, hata sufuria ya ugali iliyoganda, nikashtuka. Nikafungua kava. Laini ya pili ipo, imefungwa kwa karatasi ya chingamu ya Big G.

Zamani_Bweni: 😂 Mwachie hiyo Big G tu.