Shemeji kafungiwa kuendesha Ireland, je huku Newry bado anaruhusiwa?

Mtoto_wa_Tanga:
Wakuu habarini. Tunaishi Newry, Ireland Kaskazini, upande wa Uingereza. Shemeji yangu alienda Dundalk, ng'ambo ya mpaka huko Ireland, kwenye ubatizo, wakanywa, usiku akajiona yuko fiti akashika usukani arudi nyumbani, hata mji hajautoka Garda (polisi wa Ireland) wakampiga mkono wakampulizisha, ikala kwake. Mahakama ya kule imemfungia mwaka mzima. Sasa yeye anasema hiyo ni ya Ireland tu, leseni yake ya Uingereza so akiwa upande huu yuko huru, na kinyozi wake kamhakikishia kuna jamaa ilimkuta hivyo hivyo na hakuguswa. Kila asubuhi nikisikia van inawaka roho inanidunda, maana mpaka wenyewe mnaujua, geti hakuna askari hakuna, unajua tu umevuka pale mstari wa pembeni ya barabara unapotoka njano unakuwa mweupe na vibao vya spidi vinageuka maili. Yuko salama kweli au anajidanganya?

Lori_la_Belfast:
Anajidanganya mkuu. Uingereza na Ireland wana mkataba wao wawili, ulisainiwa Dublin 2015 ukaanza kazi tarehe 1 Agosti 2017. Pombe imo, mwendo kasi umo, kuendesha kihatari, kugonga ukakimbia, kuendesha wakati ulishafungiwa, na kosa lingine lolote lililokufungia miezi 6 kwenda juu. Mahakama ikimaliza taarifa inavuka mpaka, na kwa vile yeye ni mkazi wa huku DVA (ofisi ya leseni za udereva ya Ireland Kaskazini) ndio watamwandikia, siku 21 tangu apewe hiyo barua zikiisha na huku anakuwa kafungiwa. Wanahesabu muda uliobaki, hawaanzi mwaka upya. Aangalie posta yake!

Mama_Chapati:
Huyo kinyozi hasemi uongo ila kapitwa na wakati 😂 Utaratibu wa kwanza ulianza 2010 chini ya makubaliano ya Umoja wa Ulaya, mwishoni mwa 2014 Uingereza ikajitoa kwenye mambo mengi ya polisi na mahakama ya Ulaya, na hili likafa nalo. Kuanzia hapo mpaka Agosti 2017 mtu wa Newry akifungiwa Dundalk anarudi zake anaendesha kama kawaida, na hao ndio wanaosimuliwa saluni mpaka leo. Brexit nayo haikugusa kitu kwa sababu mkataba wa sasa ni wa nchi mbili tu. Angefungiwa Ufaransa huko ingekuwa hadithi nyingine, ingeishia hukohuko.

Mtoto_wa_Tanga:
Asanteni. Nimemsomea, sasa kaja na mpya, anasema ana leseni yake ya Bongo haijaisha, ataendeshea hiyo 🤦🏾

Lori_la_Belfast:
Mwambie shemeji asituchekeshe. Wanachofungia ni mtu, siyo kile kikadi. Hata awe na leseni za nchi kumi mfukoni, akikamatwa ni kosa la kuendesha akiwa amefungiwa na hapo jela inahesabika, na bima inakuwa haipo. Akigonga mtoto wa watu atalipa kwa mshahara gani? Na kwa vile kazi yake ni ya van, kuna zile barabara za mpakani, ile ya Dundalk kwenda Castleblayney kwa mfano, unaingia kaskazini unatoka unarudi kusini hata hujamaliza wimbo mmoja wa redio. Kusini hana ruhusa kuanzia siku zuio lake lilipoanza, barua haijalishi.

Pwani_Dublin:
Na pointi za adhabu kwenye leseni je? Mimi nina 3 za huku Ireland nahamia Derry, huko Ireland Kaskazini, mwezi ujao.

Mama_Chapati:
Pointi hazivuki dada, mkataba ni wa kufungiwa tu. Ila kampuni ya bima ikikuuliza sema ukweli, wale wakigundua ulificha wanakuachia msala wote siku ya ajali.

Mtoto_wa_Tanga:
Mrejesho wakuu. Barua ipo! Imelala kwenye kapu la mlangoni chini ya vipeperushi vya piza, ina wiki nzima, mtu hajafungua anasema alidhani ni bili ya maji, wakati huku bili ya maji hatulipi. Zimebaki wiki mbili. Ufunguo wa van ninao mimi tangu jana, kumi na moja alfajiri nampeleka kazini, kanuna huyo, hata redio hataki niwashe.