Nimeuziwa seti ya resini ya kopi kwa jina la orijino, halafu muuzaji ananiambia "ukishapaka rangi nani atajua?"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kusubiri zipoe. Miezi mitatu ya usiku wangu imepotea kwa sababu mtu mzima na akili zake aliniandikia "hii ni orijino" huku akijua fika anauza kopi.

Seti yenyewe ni sanamu ya resini, plastiki ya kumimina, inayouzwa vipande vipande ili uiunge na kuipaka rangi mwenyewe: msichana wa anime (katuni za Kijapani) mwenye upanga, kipimo cha 1/7 (moja ya saba ya ukubwa halisi), nywele ndefu zinazopeperuka nyuma kama zimeshikwa na upepo mkali. Vipande thelathini na ushee. Nilikuwa naitafuta siku nyingi, maana ni kazi ya mchongaji anayejitegemea, iliuzwa kwenye tamasha la sanamu za namna hii na ikaisha siku ile ile. Nilipomwona mtu anaiuza nilimuuliza maswali matatu tu. Ni orijino? Kuna aliyewahi kuianza? Vipande vyote vimo? Akajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Majibu yake ninayo.

Mzigo ulipofika nilifuata utaratibu wangu wa siku zote: nikahesabu vipande, nikaviosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki ili mafuta ya kalibu (umbo tupu linalomiminiwa resini) yatoke, nikavianika. Harufu ndiyo iliyonishtua kwanza. Resini iliyoganda sawasawa hainuki kiasi cha kukusumbua, lakini hii ilinuka kemikali chumba kizima, na wiki nzima baadaye ilikuwa bado inanuka. Nikasema labda imefungiwa muda mrefu kwenye plastiki.

Kisha nikaanza kukagua nywele. Kwa ambao hawajawahi kumimina: resini hii ni poliyurethani, vimiminika viwili vinavyochanganywa na kumwagwa kwenye kalibu ya silikoni, na baada ya dakika chache vinaganda. Hewa isipotolewa kwa pampu, au isipobanwa kwa shinikizo wakati resini inaganda, viputo hukimbilia kwenye ncha na kingo, yaani pale pale penye uzuri wa sanamu. Orijino nayo huja na viputo viwili vitatu, na hakuna anayelia kwa hilo. Mimi nilihesabu hamsini na nne kwenye nywele peke yake. Ncha nyingine hazikuwepo kabisa, zimeishia na kishimo kama jino lililooza. Nilizijenga upya moja moja kwa puti ya epoksi (kijazio laini kinachokuja kuwa kigumu), nikizichonga kwa ncha ya sindano. Hiyo ilikuwa wiki tatu.

Miguu ikawa balaa nyingine. Pande mbili za kalibu zilikuwa zimepishana, kwa hiyo kwenye muundi kulikuwa na ngazi ya karibu milimita nzima kuanzia gotini hadi kifundoni. Mstari wa kalibu ni jambo la kawaida, unaukwangua kwa kisu na msasa, basi. Ngazi huwezi kuikwangua bila kubadilisha umbo la mguu. Lazima ujaze upande mmoja, upunguze upande wa pili, uombe Mungu duara la shavu la mguu libaki duara. Na kiuno hakikukaa kwenye sketi. Kilicheza ndani yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

Hilo la kiuno lingetosha kunifungua macho, na naliandika hapa ili limfungue mwingine. Resini husinyaa kidogo inapoganda. Mchongaji anajua, na kalibu zake anazipima kwa hilo. Lakini mwizi akichukua kipande kilichokwisha kusinyaa, akakitengenezea kalibu yake, kopi itakayotoka inasinyaa mara ya pili. Akikopi kopi, mara ya tatu. Kipande kinene hupata joto zaidi kinapoganda na hakisinyai sawa na chembamba, ndiyo maana viungo vinakataa kukutana. Ukiona seti ambayo kila kiungo kinahitaji puti, usimlaumu mchongaji kabla hujajiuliza umeshika kizazi cha ngapi.

Nikaendelea. Nilichanganya puti, nikasaga kwa msasa wa maji, barakoa usoni muda wote kwa sababu vumbi la resini si la kuvuta. Nikatoboa viungo na kutia waya wa shaba ili vibebe uzito wa nywele.

Uso ndio niliousubiri kwa hamu, kwa sababu uso ndio ninaoupenda kuliko yote. Wanaochora macho kwa mkono wataelewa. Unaanza na laka, unaiacha ikauke kabisa, halafu unachora kope na mboni kwa enameli, rangi ya aina nyingine, kwa kuwa thina ya enameli haiili laka iliyo chini. Ukikosea, unafuta kwa pamba na kurudia. Jicho la kulia nililirudia mara kumi na moja, la kushoto mara saba, mpaka yakatazama sehemu moja. Siku ile nilikaa nikamwangalia yule binti, nikaona ananitazama kweli. Hiyo ndiyo furaha ya kazi hii, na ndiyo sababu nimekasirika namna hii.

Ngozi sikuipata nilivyotaka. Mpango wangu ulikuwa kupaka bila praima (rangi ya msingi): resini nzuri ina weupe wa maziwa unaopitisha mwanga kidogo, kwa hiyo ukipuliza rangi angavu tabaka kwa tabaka, waridi kidogo kwenye magoti na viwiko, chungwa hafifu penye vivuli, ngozi inakuwa na uhai ambao praima huuzima. Lakini resini hii ilikuwa ya manjano, na si manjano moja. Mkono wa kulia ulikuwa kama siagi, wa kushoto kama mfupa mkavu, na paja lilikuwa na mabaka. Ikabidi nipige praima mwili mzima, nianze na rangi nzito. Ule mwanga ukazimika pale pale.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojua kwa uhakika.

Ndani ya paja la kushoto, kwenye uso unaopachikwa chini ya sketi, kulikuwa na kitundu. Nilidhani mchongaji ndiye aliyekiweka. Lakini upande wa pili hakukuwa na kitu cha kuingia humo, na kwenye karatasi ya maelekezo hakionekani. Pembeni yake kulikuwa na mikwaruzo ya duara, mikwaruzo ya msasa. Nikamwandikia mwana-resini mwenzangu ambaye aliinunua kwa mchongaji mwenyewe kwenye tamasha. Akanitumia picha ya paja lake: safi, hamna kitundu, hamna mkwaruzo. Halafu mtu mwingine aliyenunua kwa muuzaji huyu huyu akafungua mfuko wake ambao hakuwa hata ameugusa. Kitundu kipo. Mahali pale pale. Mikwaruzo ile ile, mstari kwa mstari.

Mnaelewa maana yake? Kuna mtu alinunua seti halali, akaanza kuijenga, akasaga paja, akatoboa tundu la waya. Seti yake ikaangukia mikononi mwa mwizi, mwizi akaitia kwenye silikoni na tundu lake na mikwaruzo yake, akazalisha. Mimi nimepaka rangi mikwaruzo ya msasa wa mtu nisiyemjua.

Nikamrudia muuzaji na picha zote. Hakukana. Aliandika: "Resini ni resini. Ukishapaka rangi nani atajua?"

Huyu mtu hajawahi kupaka rangi sanamu hata moja maishani mwake. Rangi haifichi, inafichua. Piga praima ya kijivu juu ya kipande unachodhani kimekuwa laini, uone mikwaruzo inavyoibuka, viputo vinavyofunguka, mistari ya kalibu inavyokuchekelea. Mikunjo ya nguo iliyokuwa na makali kwenye orijino, kwenye kopi imelegea kama sabuni iliyokwisha kuogewa, na hakuna kivuli utakachopuliza kikarudisha yale makali. Midomo ya binti huyu ilikuwa na mpindo mdogo pembeni, nimeuona kwenye picha za mchongaji. Kwangu haupo. Umeyeyuka mahali fulani kati ya kalibu ya pili na ya tatu.

Na kuna watu humu wataniambia nisilie sana, kopi zinasaidia wasioweza kupata orijino. Nawajua, mmeshasema hivyo kwenye nyuzi nyingine, na leo nataka tulizungumze mpaka mwisho.

Tamasha linaloitwa Wonder Festival lipo Japani tangu miaka ya 1980. Lilianzishwa na duka la General Products la Osaka, na tangu 1992 linaendeshwa na kampuni ya sanamu ya Kaiyodo. Siku hizi hufanyika kwenye ukumbi wa Makuhari Messe, Chiba, mara mbili kwa mwaka, kipupwe na kiangazi. Wachongaji wengi wanaouza pale si kampuni. Ni watu wenye kazi zao za mchana. Mhusika wa anime si mali yao, kwa hiyo wenye hakimiliki huwapa kibali cha siku moja: unaomba miezi kabla, unaonyesha picha za kazi yako, wanaikubali au wanaikataa, unalipa mrabaha, unauza siku ile na pale pale tu. Seti zikibaki, huruhusiwi kuziuza kesho yake bila kibali kingine.

Tazameni hesabu ya mtu huyo. Amechonga miezi. Amenunua silikoni, ambayo si ya bei rahisi, na ambayo resini yenyewe huila taratibu, hivyo baada ya kumimina makumi kadhaa ya mara kalibu inaanza kuchanika na inabidi itengenezwe nyingine. Amelipa kibali. Amelipia meza. Ana siku moja ya kurudisha vyote hivyo. Kesho yake mwizi anayeishi kokote duniani ananunua seti moja, moja tu, na anauza kopi zake mwaka mzima bila kibali, bila mrabaha, bila kuchonga hata ukucha. Picha anazotangazia ni zile zile za mchongaji, za sanamu iliyopakwa na mchongaji. Hata picha hakupiga!

Mnasema orijino zimeisha, mtazipata wapi. Hoja hiyo naielewa, nimeiishi. Nimetafuta seti hii miaka. Lakini wachongaji hurudi na seti zile zile kwenye tamasha linalofuata wakipata kibali tena, na wengi hutangaza mapema. Watu huuza za kwao ambazo hawakuzijenga, mnada wa mtumba upo. Na ukikosa kabisa, umekosa. Ipo nyingine. Mchongaji akiona kazi yake inauzwa kila kona kuliko alivyouza yeye, anaacha kuchonga. Nimeshuhudia ninaowafuatilia wakiandika kwamba wameacha kwa sababu hii, na hakuna kopi ya seti ambayo haikuchongwa.

Kama wewe umeamua kununua kopi ukijua ni kopi, nakwambia machoni unakosea, ila angalau hakuna aliyekudanganya. Kisichovumilika ni kumwuzia mtu kopi kwa jina la orijino, kwa bei ya orijino, ukamwachia agundue baada ya miezi akiwa na brashi mkononi. Mtu wa namna hii anawaibia wawili kwa mkupuo.

Ninachodai kwa muuzaji: pesa yangu yote, na tangazo lake liondolewe leo. Seti nitamrudishia kama ilivyo, na puti yangu ndani yake.

Ninachodai kwa wanaosimamia sehemu za kuuziana: muuzaji wa resini alazimishwe kupiga picha za vipande vyenyewe alivyonavyo, siyo picha za mchongaji. Vipigwe kwa karibu, kwenye mwanga wa pembeni unaoonyesha uso wa resini ulivyo. Boksi au mfuko uonekane, na stika ya kibali ionekane kwa seti zilizotoka nayo, maana baadhi ya wenye hakimiliki huitaka. Asiyetaka kupiga picha hizo ana sababu yake, na sisi tunaijua.

Na nyie mnaonunua, ombeni picha za ncha za nywele na nyuso za viungo kabla ya kutuma hela. Mimi sikuomba. Niliamini neno "orijino" la mtu aliyeandika kwa adabu.

Kichwa cha yule binti kiko mezani hapa, kimesimama kwenye kijiti chake, macho yamekwisha, nywele hazijapakwa. Sitaendelea naye. Mchongaji nimemwandikia, nimemtumia picha zote, pamoja na ile ya kitundu.

Sasa nawaomba jambo moja. Kama una seti ya msichana mwenye upanga, 1/7, nywele za vipande vitano, uliyoinunua kwa mtu mwaka huu, toa paja la kushoto. Geuza uso unaoingia kwenye sketi, uuelekeze kwenye taa. Ukikuta kitundu karibu na ukingo wa nyuma na mikwaruzo ya duara pembeni yake, piga picha uiweke hapa chini.